Sampuli Moja Haitoshi

Wanangu, kila Ijumaa baada ya ibada mnapojaa sebuleni kwa binti yangu hapa Fereej Bin Mahmoud, mkivua viatu mlangoni na kugombania chaja ukutani, lazima mmoja wenu aniulize, "Mama, kwani wewe ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikijibu kwamba nilikuwa mfugaji, mnacheka. Mnadhani nasema ng'ombe wa kwetu Wundanyi. La. Nilifuga bakteria. Zaidi ya miaka thelathini, kwanza Kenya kisha hapa Doha, niliwalisha, nikawapa joto, nikamtenga kila mmoja na zizi lake, nikawajua kwa rangi na kwa harufu. Tofauti yangu na mfugaji wa ng'ombe ni kwamba mimi jioni niliwachinja wote.

Binti yangu Wakesho, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeniambia, "Mama, ukiwahadithia wanasahau. Waandikie." Basi nawaandikia ninyi mnaoanza kazi za wodini, za maabara, za kutunza wazee majumbani, na ninyi wa jikoni hotelini msidhani hayawahusu. Sitafuata mpangilio wa miaka. Kichwa changu hakikupangwa hivyo.

Nianze na aibu, maana ndiyo iliyonifunza mapema. Nilipokuwa mwanafunzi katika maabara ya hospitali moja ya Pwani, nilipewa usaha wa kidonda niupande. Kupanda ni hivi: unachukua sahani ndogo yenye kifuniko, ndani mna chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli, unapaka usaha juu yake kwa kitanzi cha waya ulichokipitisha motoni, unafunika, unaweka kwenye kabati la joto, unasubiri hadi kesho. Asubuhi nilikuta madoa manene ya rangi ya dhahabu upande mmoja wa sahani, mbali kabisa na mahali nilipopaka. Nikakimbia nayo kwa msimamizi. Nimegundua mdudu mgeni!

Aliitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

"Jana ulikuwa na mafua?"

"Ndiyo."

"Ulipiga chafya ukiwa umeifunua?"

Nikafuta pua kwa mkono wa koti.

"Hongera," akasema. "Umeigundua pua yako."

Mwaka mzima niliitwa Pua. Tangu siku hiyo sikufunua sahani zaidi ya inavyohitajika kuingiza waya, na kifuniko nilikishika juu yake kama mwavuli. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Msikiweke kifuniko mezani.

Siku hizo chakula cha bakteria tulikipika wenyewe, na kingine kilitaka damu ya kondoo. Kwa hiyo nyuma ya maabara tulikuwa na kondoo jike, jina lake Sista, anatolewa damu kidogo kidogo na kupewa majani mazuri. Kila ikikaribia Krismasi watu wa wodini walianza kumwangalia kwa jicho la nyama, na kila Krismasi sisi wa maabara tulimhamishia kwenye chumba cha jenereta. Leo sahani zinakuja zimefungwa kwenye plastiki, na mashine inampiga mdudu kwa mwale na kumtaja jina kabla chai yako haijapoa. Sioni wivu. Ila mashine hujibu swali ulilouliza, basi. Kuuliza ni juu yako. Na mimi nilipokosea vibaya kuliko siku zote, mashine nilikuwa nazo, uzoefu nilikuwa nao. Nilichokosa ni kuuliza mara ya pili.

Kabla sijafika huko, niwajulishe mtu mmoja.

Nilipokuja Doha niliajiriwa na kliniki ya binafsi kule Al Sadd. Maabara ilikuwa chini ya ardhi, haina dirisha hata moja. Mkuu wa chumba chetu alikuwa mama mwembamba kutoka Kerala, India, aliyening'iniza miwani kwa uzi shingoni na kula wali wake wa mtindi saa sita kamili, dunia iwake moto. Jina lake Sosamma, lakini sote tulimwita Chechi, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwao. Wahabeshi, Wafilipino, sisi Wakenya, wote Chechi.

Chechi hakufundisha kwa kitabu. Alifundisha kwa kuwasema watu wa kale waliowagundua wadudu hawa, na aliwasema kama vile walikuwa shemeji zake: huyu alinifurahisha, yule aliniudhi. Tukisubiri sahani, anaanza.

Alianza na muuza nguo wa Uholanzi. Bwana yule alisaga vioo vya kukuzia nyuzi za vitambaa vyake, kisha udadisi ukamzidi, akakwangua utando wa meno yake mwenyewe akautazama. Akaona viumbe vidogo vinaogelea. Aliandika barua kwa mabingwa wa Uingereza, wakastaajabu, na yakaishia hapo. "Karibu miaka mia mbili, Mkamburi!" Chechi alikuwa akiniita jina langu huku akinigonga begani kwa kalamu. "Walikuwa wameonekana, lakini hakuna aliyewashuku." Watu waliendelea kuamini kwamba maradhi huletwa na harufu mbaya na hewa chafu.

Aliyemuudhi zaidi alikuwa daktari wa Vienna. Huyo alikuwa kwenye hospitali yenye wodi mbili za wazazi, moja ya madaktari, moja ya wakunga. Kwa madaktari akina mama wengi zaidi walikufa kwa homa ya uzazi kuliko kwa wakunga, na hakuna aliyejua kwa nini. Kisha rafiki yake akakatwa kidole na kisu walipokuwa wakipasua maiti, akaugua kama wale akina mama, akafa. Ndipo daktari akang'amua: madaktari hutoka kwenye maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha, na kitu fulani kinasafiri mikononi mwao. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Vifo vikapungua sana. Lakini alishindwa kuonyesha kitu chenyewe ni nini, wenzake wakachukia kuambiwa mikono yao inaua, naye akaanza kuwaandikia barua za matusi. Akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

"Alikuwa sahihi," Chechi alisema, "na akina mama wakaendelea kufa. Kuwa sahihi peke yake hakumnawishi mtu mwingine mikono."

Halafu Mfaransa, mkemia, aliyechemsha mchuzi katika chupa yenye shingo ndefu iliyopindwa kama ya bata maji. Hewa ilipita, vumbi likanaswa kwenye kona ya shingo, mchuzi ukakaa bila kuchacha. Akavunja shingo: ukaharibika. Kwa hiyo wadudu hawazuki wenyewe kutoka kwenye uozo, bali huingia wakitoka kwingine. Na Mjerumani, daktari wa kijijini, ambaye mkewe alimpa hadubini. Alikuwa na chumba kimoja cha kutibia wagonjwa, akakigawa kwa pazia, nyuma ya pazia akafuga panya. Kimeta kilikuwa kinamaliza kondoo wa wakulima. Alichukua damu ya kondoo aliyekufa, akaichomeka kwa panya kwa kijiti cha mbao, panya akafa, na damu yake ikawa na wadudu wa umbo la vijiti, kama waliokuwa kwenye damu ya kondoo. Akawakuza wadudu hao katika maji ya jicho la ng'ombe hadi wakabaki wao peke yao, akampa panya mzima, naye akafa kwa kimeta. Baadaye hiyo ikawa sheria ya kazi yetu: mtafute mdudu kwa mgonjwa, mkuze peke yake, hakikisha yeye ndiye analeta ugonjwa ule ule, umkute tena.

Wenzake yule Mjerumani walihangaika kupata kitu cha kuwakuzia. Walijaribu vipande vya viazi. Walijaribu jeli ya kawaida, ikayeyuka kwa joto. Mke wa mmoja wa wasaidizi ndiye aliyesema: mimi jeli zangu za matunda natumia agari, inatokana na mwani, haiyeyuki hata kiangazi. Chechi alikuwa akifika hapo anainua sahani juu ya taa na kusema, "Hii imetoka jikoni kwa mwanamke. Mwanaume akikuringia maabarani, mwambie."

Sasa nirudi kwa kosa langu.

Miaka michache kabla sijastaafu, alikuja kliniki bwana mmoja Mjaluo, Odhiambo, msimamizi wa walinzi. Yeye na vijana wake, Wakenya na Waganda, walikaa kwenye jumba la kampuni kule Najma, vyumba vya vitanda vya ghorofa na jiko moja la pamoja. Alileta wawili wenye homa isiyoshuka, vichwa vinauma, hawali. Nilipanda damu yao kwenye chupa za mashine. Siku ya pili chupa zikawaka alama, na chini ya hadubini nikaona vijiti vyekundu. Mashine ikamtaja: homa ya matumbo. Kliniki ikatoa taarifa kwa wakubwa wa afya kama sheria inavyotaka, tangi la maji la jumba likaoshwa, maji yakapimwa, hayakuwa na kitu. Vijana wakapewa dawa, wakapona. Daktari wetu akaandika kwamba mpishi wa jumba apimwe choo mara tatu, siku tofauti.

Mpishi nilimjua. Tulikuwa tukisali naye. Alikuwa Mganda kutoka Masaka, na kwao baba aliyezaa mapacha huitwa Salongo, ni jina la heshima, hatukumjua kwa jingine. Mtu mpana, sauti ya besi inayotetemesha vikombe, na kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kuugua hata mafua. Akaleta sampuli ya kwanza. Niliipanda. Kesho yake hapakuwa na kitu isipokuwa bakteria wa kawaida wa tumboni. Kwenye karatasi niliandika: hakuonekana katika sampuli hii.

Salongo, ambaye aliniita nyabo, yaani bibie kwa Kiganda, akaniambia, "Nyabo, hizo nyingine mbili, naona haya kuzunguka na kikopo kwenye basi. Na jiko nimwachie nani?"

Nikamwonea huruma. Chechi alikuwa likizo kwao, mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa chumba. Nikamwambia daktari kwamba sampuli ya kwanza haina kitu, naye alikuwa na foleni hadi mlangoni, akalifunga faili. Odhiambo akapiga simu.

"Mama, mpishi wetu yuko sawa?"

"Yuko safi," nikasema.

Angalieni hapo, wanangu. Neno "safi" halikuwa kwenye karatasi. Nililiongeza mimi, kwa sababu nilimpenda Salongo na kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kula.

Wiki tatu baadaye kijana mmoja wa jumba lile alianguka koridoni. Kipkorir, wa Kapsabet, mlinzi wa geti la maegesho ya magari, mrefu kama mlingoti. Alikuwa na homa siku nyingi, anameza panadol na kwenda zamu, anasema ni uchovu wa joto. Utumbo ulikuwa umetoboka. Walimpasua siku ile ile.

Odhiambo alikuja mapokezi, nikapanda ngazi kumwona. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

"Mama, uliniambia mpishi ni safi. Mimi nikawaambia vijana wale tu bila wasiwasi."

Nilirudi chini nikakaa kwenye kiti changu cha kazini chenye magurudumu. Nilitaka kujitetea moyoni: sampuli haikuwa na kitu, nilifanya kazi yangu. Lakini nilijua wazi sikuifanya. Mtu anaweza kubeba mdudu wa homa ya matumbo miaka mingi, mdudu akajificha kwenye mfuko wa nyongo, na mwenye mwili asijue. Na mdudu hatoki kila siku. Leo yumo kwenye choo, kesho hayumo. Ndiyo maana tunapima tatu. Nililijua hilo tangu siku za Sista.

Chechi alirudi wiki hiyo. Nilimweleza yote, sikuruka hata ile haraka yangu ya chakula. Nilingoja anipasue. Akavaa miwani, akaniuliza neno moja tu.

"Nani hajaugua?"

"Wengi hawajaugua."

"Akina nani? Kuna daktari wa London alikutana na kipindupindu. Watu walisema hewa. Yeye akapita nyumba kwa nyumba akiuliza wamechota maji wapi. Karibu wote walichota kwenye pampu moja. Lakini kando ya pampu hiyo palikuwa na kiwanda cha bia, na wafanyakazi wake walikuwa wazima. Kwa nini? Walikunywa bia, hawakuchota pampuni. Akaomba mpini wa pampu ung'olewe, na mdudu mwenyewe hajamwona. Nenda kaulize ambao hawajaugua, Mkamburi. Usikae hapa kulia."

Ijumaa nilikwenda Najma. Odhiambo hakuwa amenisamehe lakini alinifungulia mlango. Tukaketi na daftari, tukaandika kila mtu: analala wapi, anafanya zamu wapi, anakula wapi. Wote walioga maji ya tangi moja. Wote walikunywa maji ya mitungi ileile. Saba walifanya zamu hotelini na kula huko huko kwenye kantini, hawajaonja chakula cha jumba kwa miezi kadhaa. Kati ya hao saba hakuna hata mmoja aliyeguswa. Waliougua wote watatu walikula kwa Salongo, na wote walipenda kachumbari yake, kitu kisichopita motoni.

Ni watu wachache, si ushahidi. Lakini ni kidole kinachoonyesha upande.

"Ni jikoni," Odhiambo akasema.

"Naenda kuongea naye mwenyewe. Nipe nafasi."

Salongo alikuwa anamenya ndizi. Nilipomwambia nataka sampuli tatu, kisu kikasimama.

"Nilishapimwa, nyabo. Wewe ndiye ulinipima. Mimi mzima! Nitazame!"

"Nakutazama. Salongo, uliwahi kuumwa homa ndefu ukiwa kwenu?"

Akafikiri. "Nikiwa kijana. Nikalala mwezi mzima. Wakanyoa nywele."

Nikamweleza habari za mpishi mmoja mwanamke huko Marekani zamani, mzima kama yeye, ambaye kila nyumba aliyopikia watu waliugua. Hakukubali kamwe kwamba ni yeye. Nilipofika hapo nikasita, naye akaliona.

"Walimfanya nini?"

Ningeweza kumdanganya. "Walimweka kisiwani peke yake. Miaka mingi."

Akakiweka kisu chini taratibu. "Nanyi mtanifungia. Au mtanipandisha ndege. Watoto sita, nyabo, na wawili wako chuo."

"Siwezi kukuahidi ambacho hakimo mikononi mwangu," nikasema. "Nakuahidi hiki: popote jambo lako litakapozungumzwa, nitakuwepo, na nitasema wewe ni mgonjwa, si mkosaji. Mkosaji ni mimi niliyekuandikia moja badala ya tatu. Kipkorir ametoboka utumbo, Salongo. Amelala na mpira wa kutolea uchafu tumboni."

Alikuwa hajui kuhusu mpira. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya friji. Siku hiyo vijana walikula mkate.

Sampuli ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Nawaambia kweli, kuna sehemu ya moyo wangu iliyokuwa inaomba ya tatu nayo iwe tupu. Ya tatu niliifunua asubuhi, kifuniko kama mwavuli, na pale kati ya madoa mengi yalikuwepo manne yenye kitone cheusi katikati. Nikachukua moja, nikalichanganya na tone la dawa ya kumtambulisha, nikatikisa kioo. Wakagandana kama maziwa yaliyochacha. Chechi akatazama, akatikisa kichwa kwa namna yao ile ambayo si ndiyo wala si hapana.

"Mlete aone," akasema. "Usimpe karatasi tu."

Daktari alimpa Salongo majibu kwanza, kama ilivyo haki. Kisha Salongo akashuka maabarani, akajaa mlango mzima. Nilikuwa nimepaka wadudu wake kwenye kioo, nimewaua kwa moto, nimewatia rangi. Akainama kwenye hadubini. 

"Hivi vijiti vyekundu?"

"Ndiyo."

"Ni vyangu?"

"Vyako."

"Vimekaa ndani yangu tangu ujana. Nakula navyo. Nasali navyo." Hakuinua jicho. "Na Kipkorir alipewa hivi hivi?"

"Waliotoka kwenye damu yake wanafanana na hawa."

Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumfariji, sikuitumia. Alisema tu, "Vijana nitawaambia mwenyewe. Wasisikie kwa mtu."

Na aliwaambia, jioni hiyo hiyo, amesimama kwenye mlango wa jiko asiloliingia tena. Odhiambo alinisimulia: mmoja alitoka nje kutapika kwa mawazo tu, mwingine akasema maneno ambayo sitayaandika. Salongo aliwaacha waseme mpaka wakachoka.

Meneja wa kampuni yao alitaka Salongo apandishwe ndege haraka. Odhiambo aliniambia kwa simu, sauti ya chini, "Mudir anasema khalas, aende kwao." Mimi na Chechi tukavua makoti meupe, tukachukua teksi. Tulingoja mapokezi mpaka wali wa Chechi ukapitwa na saa sita, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilipoingia nilieleza, bila kumtukana mtu, maana nilimkumbuka yule wa Vienna. Nikaeleza kwamba ugonjwa huu una dawa. Kwamba mtu huyu akiwa getini, mbali na sufuria, akinawa mikono, hamdhuru mwenzake. Kwamba akifukuzwa kwa kusema kweli, anayefuata ataficha, na hapo ndipo jumba zima litalala kitandani. Chechi aliongeza moja: "Na leo mnamjua aliye naye. Mkimtoa, mtamleta mwingine msiyemjua." Nadhani lililomgeuza mkubwa yule ni Odhiambo, aliyekuwa ametukuta pale, aliposema, "Bwana, mimi nakaa naye nyumba moja, na watoto wangu wananitegemea. Nataka abaki atibiwe." Akapewa zamu ya geti.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko zote. Nilikwenda hospitali alikolazwa Kipkorir. Alikuwa amekonda hata masikio yalionekana makubwa. Nikavuta kiti, nikamwambia: mimi ndiye fundi niliyepima mpishi mara moja nikasema safi. Ningepima tatu, huenda usingekuwa hapa.

Akajiinua kidogo kwa kiwiko. "Mathe, ungekuja kuniambia kama ningekufa?"

Nikafikiri, nisije nikampa jibu la kupendeza. "Sijui. Natumaini ningemwambia mama yako."

Akageukia ukuta. Sikujua kama nimefukuzwa. Kisha akasema, bado ameangalia ukuta, "Hapa wananipa supu ambayo ni maji ya moto. Kama utarudi, beba mursik."

Mursik, maziwa yao yanayogandishwa kibuyuni, Doha niitoe wapi! Nilimpelekea maziwa lala ya dukani baada ya daktari wake kuruhusu, kila Ijumaa, hadi alipotoka. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Salongo alimeza vidonge mwezi mzima. Tukapima: mdudu bado yupo. Mfuko wa nyongo ulikuwa na vijiwe, na mdudu hujibanza kwenye vijiwe kama chawa kwenye mshono. Wakamfanyia upasuaji, wakautoa. Tukangoja. Sampuli ya mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zote nilizipanda kwa mkono wangu mwenyewe, na kila karatasi niliandika kile nilichokiona, wala sikuongeza neno. Odhiambo alipopiga simu kuuliza kama sasa ni safi, nikamwambia, "Hakuonekana katika sampuli hii. Bado mbili." Akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze.

Majibu yalipotimia na daktari akatia saini kwamba anaweza kurudi jikoni, nilikwenda Najma na Salongo Ijumaa mchana. Hakuna aliyemlazimisha arudi, na hakuna aliyeahidi kula chakula chake. Vijana walikuwa wamejazana kwenye ule ukumbi mdogo, wengine kwenye mikeka, wengine wamesimama mlangoni. Odhiambo akasoma karatasi kwa sauti. Feni ilikuwa inazunguka. Nilimwona Salongo, mtu mkubwa vile, akiangalia vidole vyake vya miguu kama mtoto aliyevunja kikombe.

Kipkorir alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkono juu ya kovu lake, kama alivyozoea siku hizo.

"Salongo," akasema, "miezi yote hii tunapikiwa na Odhiambo. Hivi unajua Odhiambo anapika aje?"

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Kisha mwingine.

"Dengu zake tunakata na kisu," Kipkorir akaendelea, hacheki. "Mimi nina njaa."

Salongo aliingia jikoni. Tulisikia bomba likifunguliwa, likaendelea muda mrefu, halafu likafungwa. Tukasikia droo, sufuria, kiberiti. Kisha akatokeza kichwa mlangoni, mikono yenye maji ameiinua juu, na kwa sauti yake ile ya besi akauliza nani kati yetu asiyekula pilipili, na Kipkorir akanyoosha mkono.